Kadi ya safari ya ada kubwa au isiyo na ada? Tupeane uzoefu

Wakuu, poleni na baridi. Mdogo wangu yuko Houston, huja Mbeya kila mwaka. Anataka kadi ya mkopo: Chase Sapphire Reserve, ambayo mwaka 2025 ada yake ilipanda kutoka dola 550 hadi 795, au isiyo na ada kabisa. Aliyetumia aseme.

Mdau wa Uyole: Kwanza aulize makato ya kulipia nje ya Marekani. Kadi nyingi hukata kama 3%, ila VentureOne ya Capital One haina ada ya mwaka na makato hayo haina. Shemeji yangu anayo, na akishatua Songwe haitoi mfukoni mpaka hotelini. Mwanjelwa nani atakupimia mchele kwa kadi? Ni keshi au simu.

Dereva wa watalii, Iringa: Wageni wangu wa Ruaha naona wakiumia mahali pamoja. Mashine ya kadi inauliza: dola au shilingi? Achague shilingi. Akibonyeza dola, kiwango kinapangwa na upande wa mashine, na mara nyingi ni kibaya. Hapo kadi ya dola 795 na ya bure ziko sawa.

Mama parachichi, Njombe: Mimi natetea ada. Februari huwa naenda Berlin kwenye maonyesho ya Fruit Logistica. Nilipokuwa na kadi ya kawaida ya benki, hoteli ilizuia dhamana kwenye akaunti yangu, na humo ndimo ilimo hela ya wakulima. Nikawa nazungushana na watu simuni huku nimeshika risiti. Kwa kadi ya mkopo wanazuia kwenye kikomo cha mkopo nilichopewa na benki, hela yangu inabaki huru. Na nikiunganisha ndege usiku, kadi ya ada inaniingiza lounji, ukumbi wa kupumzikia uwanjani: naoga, nakula, nalala. Kwangu inalipa.

Mdau wa Tunduma: Sapphire Reserve inarudisha dola 300 za matumizi ya safari kwa mwaka, kwa hiyo ajiulize kama hizo 495 zilizobaki zitarudi. Na kama halipi deni lote kila mwezi, aachane nayo. Riba ya kule inavuka 20%, pointi zote za zawadi anazopata akitumia kadi zinamezwa.

Mleta mada: Ndaga fijo. Nimempigia, kwa safari moja ya mwaka anachukua isiyo na ada. Mama wa Njombe, ile dhamana ya hoteli ilichukua muda gani kuachiwa?