Vyambo bandia vya besi Ziwa Tanganyika: kuhe anafuata tu hashiki, shida iko wapi?

mwambao_kgm

Mwakeye wakuu, naomba msaada kwa wanaovua kwa rodi (fimbo ya kuvulia) na rili (kigurudumu cha kuzungushia uzi), awe yuko Kigoma au kwingine. Nimekuwa nafuatilia sana video za Wamarekani wanaovua samaki aina ya besi, wana vyambo bandia vya kila aina, kuna krankibeti ile yenye mdomo wa plastiki mbele, kuna jigi za kichwa cha madini ya risasi, kuna minyoo ya mpira, kuna vile vya kuelea juu ya maji, na wenzetu wanatoa samaki mmoja baada ya mwingine. Bro wangu wa Dar kanitumia rodi ya futi saba, rili ya spina, uzi wa bredi (wa kusukwa) na boksi la vyambo mchanganyiko. Navulia kwenye mawe ya Bangwe jioni, na saa nyingine jamaa wa Katonga wananipakia kwenye mtumbwi.

Sasa shida iko hivi. Krankibeti ama inanasa kwenye mawe nakata uzi, ama inapita juu juu, na maji yalivyo meupe naiona kabisa inavyokuja, na kuhe, yule samaki mwindaji wa ziwa letu, anaifuata, mkubwa tu, anakuja nayo mpaka karibu na mwamba niliosimama halafu anageuka anazama zake. Jigi ndo siielewi kabisa, nikitupa sijui iko wapi, sijui imegusa chini au bado, mara nahisi kama kakitu kameparaza uzi, navuta, hamna. Na ile ya kuelea wanairukia kweli, maji yanapasuka, navuta kwa nguvu, chambo kinarudi chenyewe. Pembeni yangu wazee wa mshipi wa mkono wanatoa samaki kwa dagaa wabichi. Sitaki kuhamia kwenye dagaa, nataka niielewe hii kitu. Je vyambo vya besi havifai huku, au ni namna ya kuvuta?

rodi_na_rili

Karibu mkuu. Umeuliza vizuri maana umesema samaki anafanya nini, wengi huandika tu "hawashiki" na mtu hajui aanzie wapi kumsaidia.

Vyambo vinafaa, ila ujue vilitengenezwa kwa tabia ya samaki gani. Besi yule wa mdomo mkubwa kwao ni Marekani ya Kaskazini, anapenda kukaa kwenye majani, magogo na vivuli vya gati, anasubiri kitu kipite karibu anakidaka. Maji yake mara nyingi yana rangi, chambo anakiona ghafla na anaamua hapo hapo. Hapa jirani yupo Naivasha kule Kenya, aliletwa mwaka 1929, na Naivasha ni ziwa la mafunjo na kina kifupi. Tanganyika ni habari nyingine kabisa, kina kinafika karibu mita 1,470 na maji yakitulia unaona mawe ya chini mita nyingi tu. Kuhe anakiona chambo chako toka mbali, ana muda wote wa kukikagua, na akikiona kinakuja mwendo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho anakuwa kashamaliza ukaguzi akifika kwenye mwamba wako.

Kwa hiyo huyo anayekufuata ni samaki wa kushikwa, usimkatie tamaa. Badilisha mwendo kabla hajafika. Zungusha rili mara chache kwa haraka, simama kabisa, acha chambo kining'inie hapo, afu kigutushe kidogo tena simama. Dagaa anayefukuzwa haendi kwa mwendo mmoja, anachomoka, anachoka, anapinda. Ukiwa na jerkibeti kwenye boksi lako, kale kembamba karefu kenye mdomo mfupi, kalitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, guta guta simama, na samaki wengi wanapiga pale kwenye kusimama. Watu wengi wanashindwa hapo kwa sababu mkono hauna subira, wanaona kama kusimama ni kupoteza muda.

Uzi nao. Bredi kwenye maji meupe inaonekana, funga mbele yake kipande cha fluorokaboni (uzi usioonekana sana majini) mita moja na nusu au mbili, kilo tano au sita inatosha kwa kuhe. Rangi tafuta fedha, nyeupe, mgongo wa bluu au kijani, yaani chambo kifanane na dagaa. Zile za njano kali na chungwa ni za maji ya tope.

Kuhusu kunasa: angalia mdomo wa krankibeti. Mdomo mrefu uliolala mbele unaipeleka chini sana, mdomo mfupi uliosimama unaibakiza juu. Uzi mwembamba unaishusha zaidi, mnene unaizuia. Na haifiki kina chake papo hapo, inashuka taratibu unavyovuta halafu inapokukaribia inapanda, kwa hiyo ukitupa juu ya mwamba unaoutaka itakuwa bado iko juu, tupa uuvuke. Sasa hii ndo muhimu kuliko zote: ikigonga jiwe USIVUTE. Nyingi za krankibeti zinaelea, ukilegeza uzi inarudi nyuma na kupanda yenyewe, mdomo unajitoa kwenye jiwe, kisha unaendelea. Na samaki anayekaa kwenye mawe anapenda sana huo muda chambo kimegonga kikapoteza mwelekeo. Ukivuta kwa hasira unazamisha ndoano kwenye ufa na ndo habari imeisha.

mzee_wa_mshipi

Kijana nimesoma maneno yako, mimi ni mtu wa mshipi wa mkono toka utotoni, Kibirizi. Hao wazee unaowaona na dagaa wabichi usidhani chambo bandia hawakijui. Mshipi wa kuvulia samaki mgebuka usiku chini ya taa tunafunga ndoano nyingi kwenye uzi mmoja, kila ndoano ina manyoya au nyuzi za kung'aa, dagaa hakuna pale, unashusha na kuchezesha mkono juu chini. Hiyo ndiyo jigi yenu hiyo hiyo, nyie mna rodi sisi tuna kidole.

Tatizo lako la jigi ni kwamba hujui iko kina gani, na usipojua kina huvui, unaosha uzi tu. Sisi tunapima kwa pima, mikono miwili ukiinyoosha, nakumbuka mgebuka kala pima ngapi na kesho yake naanzia hapo. Wewe chukua kalamu ya wino usiofutika, tia alama kwenye uzi kila pima. Halafu jigi ikiwa inashuka usiuachie uzi ukalegea kabisa wala usiukaze, uache uje na mvutano mdogo sana, na uangalie pale uzi unapoingia majini. Ikifika chini uzi unalala. Uzi ukilala kabla ya muda wake, samaki kaidaka njiani. Uzi ukikimbia pembeni, kaidaka. Ukiona uzi umetetemeka mara moja tu kama mtu kaugonga na ukucha, kaidaka. Hapo ndipo unapopiga, usisubiri avute, maana samaki anakinyonya chambo na akiona ni risasi anakitema, na hicho ndicho kile "kaparaza uzi" ulichokisema, ulikuwa umechelewa.

Wengi wanashika jigi ikiwa inashuka, si ikiwa inapanda. Kwa hiyo inua taratibu kiasi cha futi moja au mbili, shusha nayo, ngoja ikae chini, inua tena. Tena usiku wa giza fanya hivyo hivyo kwa kidole, weka uzi juu ya kidole cha shahada mbele ya rili, macho hayahitajiki.

mwambao_kgm

Shikamoo mzee, asante sana, hii ya kuangalia uzi pale unapoingia majini sijawahi kuisikia kwenye video yoyote. Na kaka rodi_na_rili asante, kesho narudi Bangwe na jerkibeti. Bado ile ya kuelea, mbona wanairukia wanaikosa? Na hii minyoo ya mpira ina faida huku kwenye mawe au ni ya majani tu?

ugalla_tbr

Nachangia nikiwa Tabora. Hawaikosi mkuu, wewe ndo unamnyang'anya. Maji yakipasuka moyo unaruka na mkono unaruka nao, unavuta kwa kile ulichokiona wakati chambo bado hakijaingia mdomoni sawasawa. Elekeza ncha ya rodi chini, ukiona mpasuko endelea kuzungusha kama hakuna kilichotokea, mpaka UHISI uzito mkononi ndo unainua rodi. Macho yasiamue, mkono uamue. Akikosa kweli kweli usikitoe chambo, kiache kimetulia pale pale afu kitikise kidogo, mara nyingi anarudi. Na kwa vya kuelea usifunge fluorokaboni mbele, ile inazama na inavuta pua ya chambo chini, weka mono, uzi wa nailoni wa kawaida.

Kuhusu mnyoo wa mpira, faida yake si majani peke yake. Ule mtindo wanaouita Teksasi, risasi ya umbo la pia mbele na ncha ya ndoano imefichwa ndani ya mpira, unapita kwenye mawe bila kunasa hovyo. Au weka risasi chini kabisa mwisho wa uzi na ndoano iwe juu yake kiasi cha sentimita thelathini, risasi inakaa kwenye mwamba na mpira unaning'inia mbele ya mdomo wa samaki, wewe unatikisa ncha ya rodi tu bila kuihamisha. Risasi ikinasa inakatika peke yake, ndoano inabaki, ukifunga ile ya chini kwa uzi dhaifu zaidi. Kwenye maji meupe kama yenu ningeanza na hii kabla ya yote.

Huku kwetu ni tofauti, mabwawa ya Tabora maji ni ya tope na kambale anatafuta kwa sharubu na harufu, chambo cha kimya hakioni, ila cha kutetemeka anaweza kukifuata. Na ukija mto Ugalla (kwa kibali, sehemu kubwa ni hifadhi) kuna tigafishi, weka kipande cha waya mbele, meno yale yanakata uzi wowote.

dada_wa_ujiji

Wote mmesema vizuri, naongeza kitu ambacho naona hakisemwi na kinaniuma. Kuhe ni sikilidi, ukoo mmoja na sato, na ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa duniani. Anataga chini kwenye mchanga au mwamba, kisha baba na mama wanalinda vifaranga pamoja. Ukiwa juu ya mwamba na maji meupe utawaona, wawili wakubwa na katikati wingu la visamaki vidogo. Chambo chochote ukikipitisha hapo watakivamia, si kwa njaa, wanafukuza adui. Ni rahisi mno kumshika, ndo maana nasema. Ukimtoa mmoja, wale wadogo wanaanza kuliwa na samaki wengine ukiwa bado unamtoa ndoano. Wanaovua besi nao wana ubishi huu huu kila msimu wa kutaga, kwa sababu besi dume pia analinda kiota. Mi msimamo wangu ni kwamba ukiona wingu la watoto, sogea mwamba mwingine.

Na kwenye majani ya pwani ukishika visangala vidogo (watoto wa samaki sangala) rudisha, wengine wanakulia humo kabla ya kwenda kina kirefu. Hili ziwa mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu toka 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapumzike, akina mama wa mwaloni tulikaa bila dagaa wa kuanika na tulivumilia, sasa mtu wa kuvua kwa kupenda asishindwe kurudisha kisamaki cha kiganja. Ukanda wa maji unaopakana na hifadhi ya Gombe usiingie na rodi yako bila kuuliza. Leseni ya uvuvi wa burudani ipo kisheria, pitia ofisi ya uvuvi uulize.

mwambao_kgm

Dada asante, hao wawili na wingu nimewaona upande wa pili wa Bangwe, nilidhani wanawinda pamoja. Nitawaacha. Swali la mwisho, nikitaka kumrudisha, krankibeti ina ndoano mbili za pembe tatu, namtoaje bila kumchana mdomo?

rodi_na_rili

Chukua koleo ukiwa bado nyumbani, bana kile kijino cha kila ndoano mpaka kilale kabisa, pitisha pamba juu yake, isiponasa basi tayari. Ukitaka zaidi toa pembe tatu zote mbili weka ndoano moja moja, na kunasa kwenye mawe pia kutapungua. Ila sasa uzi usilegee hata kidogo ukipigana naye, kaza breki ya rili robo ya nguvu ya uzi, rodi ikae imepinda muda wote. Akifika lowanisha mikono kwanza, mwache majini, shika ndoano kwa koleo kwenye kiungo chake, igeuze kichwa chini. Inatoka yenyewe.