Tupeane uzoefu: nani ameshaibiwa hela ya chakula kwenye kadi ya EBT (ile ambayo serikali inatuwekea msaada wa chakula)?

Mama wa Watatu:
Ndugu zangu tulioko Marekani, naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalificha kwa aibu. Mwezi uliopita nilifika kwa keshia saa mbili asubuhi, toroli limejaa: mchele, maziwa, mafuta, kuku wawili. Nepi za mtoto nilishaziweka pembeni nizilipie kwa hela yangu. Nikapitisha kadi, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Keshia akanipa karatasi ndogo ya salio: senti 41. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameukumbatia mkate kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na huu turudishe?"

Kuangalia kwenye simu, hela iliingia usiku uleule, na saa sita na dakika nne ikatumika yote, manunuzi mawili, kwenye jimbo ambalo sijawahi kukanyaga. Kadi ilikuwa kwenye pochi yangu muda wote.

Nilipopiga simu, kadi mpya waliniahidi, lakini hela hapana. Ruhusa ya serikali kuu ya kurudishia watu hela ya SNAP (ndio huo msaada wa chakula) iliyoibwa kwa kunakili kadi iliishia kwenye wizi uliotokea hadi 20 Desemba 2024. Wa kwangu ni wa baada ya hapo. Ulizeni majimbo yenu hata hivyo, na toeni taarifa siku hiyohiyo. Naomba kila aliyepatwa aeleze ilikuwaje.

Zamu ya Usiku:
Pole sana dada. Mimi nafanya kazi dukani, niseme ninachokijua. Wezi wanakuja wawili: mmoja anamzubaisha keshia kwa maswali, mwingine anabandika kifuniko cha plastiki juu ya mashine ya kadi. Ni sekunde chache tu. Kifuniko kinafanana na mashine yenyewe, rangi mpaka vitufe. Ukipitisha kadi kinanakili ule mstari mweusi wa nyuma, ukibonyeza namba ya siri nayo inabaki humo. Halafu wanatengeneza kadi nyingine na kusubiri usiku hela inapoingia.

Kadi za benki siku hizi zina chipu, ambayo ni vigumu kuinakili. Za EBT nyingi bado ni mstari mtupu, ndiyo maana tunawindwa sisi. California ilianza kutoa zenye chipu mwaka 2025, majimbo mengi bado. Mimi kila nikianza zamu nashika kingo za mashine navuta kwa nguvu. Nanyi fanyeni hivyohivyo bila kumwonea mtu haya. Vitufe vikiwa vigumu kuliko kawaida, au kadi inakwama ikipita, hamia mashine nyingine na umwite msimamizi. Na mkono wa pili ufunike vidole, kwa sababu kuna wanaotega kamera.

Mkalimani:
Hapa nina neno zito. Nimekaa na familia nyingi zikiweka namba ya siri mara ya kwanza. Sisi tuliopita kambi za wakimbizi tunajijua: wengi makaratasi yetu yameandikwa tumezaliwa 1 Januari. Basi baba anaweka 0101, mama 0101, jirani naye 0101. Mwizi hahitaji hata mashine! Wengine wanaweka 1234, au mwaka waliofika. Nawasihi, badilisheni leo. Chagueni namba isiyokuwa kwenye karatasi yoyote, na msiiandike nyuma ya kadi.

Baba Mapacha:
Mimi niliwapa mwenyewe. Ujumbe uliingia kwenye simu: "Kadi yako ya EBT imefungwa, piga namba hii." Watoto walikuwa na njaa, sikufikiri. Nikapiga, mama mmoja mpole sana akaniomba namba za mbele ya kadi, kisha namba ya siri. Mpaka nimalize kumshukuru, salio limekwisha. Namba ya kweli ya kupiga ni ile iliyochapwa nyuma ya kadi. Na ofisi haikupigii kukuomba namba ya siri, hata siku moja.

Dada wa Tatu:
Langu halikuwa la kadi. Kuna mtu wa kwetu, tunamheshimu, alitusaidia kujaza fomu za SNAP. Akapiga picha kila kitu kwa simu yake: soshali sekyuriti (namba ya utambulisho ya Marekani), vitambulisho, vyeti vya watoto. Mwaka uliofuata barua za madeni zikaanza kuja kwa jina la mama. Sijui kama ni yeye au simu yake ilipotea, na sitaki kumsingizia. Lakini sasa nasema: anayekusaidia atumie simu YAKO, na picha zibaki kwako.

Tuliripoti kwenye identitytheft.gov, tovuti ya serikali ya wizi wa utambulisho, kisha tukafunga rekodi za mikopo za mama, mtu asikope kwa jina lake, kwa kampuni tatu zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure tangu 2018. Za watoto nazo tumezifunga, maana mtoto anaweza kukuta deni kabla hajamaliza shule.

Mama wa Watatu:
Asanteni, nimesoma yote na machozi. Ninachofanya sasa: kwenye programu ya kadi (kwangu ni ebtEDGE, wengine wana ConnectEBT) nimefunga matumizi ya nje ya jimbo, na kadi yenyewe inakaa imefungwa. Naifungua nikiwa nimesimama mbele ya keshia, nikimaliza naifunga kabla sijabeba mifuko. Na namba ya siri naibadilisha siku moja kabla ya hela kuingia.

Mgeni Bado:
Dada, ukiifunga, hela itaingia kweli? Na bibi yangu hana simu ya intaneti.

Mama wa Watatu:
Inaingia kama kawaida, kinachozuiwa ni kutoka. Kwa bibi, piga namba iliyo nyuma ya kadi, namba ya siri inabadilishwa hukohuko kwa simu. Swali likiwa la ofisi ya msaada, akipokea mtu mwambie neno moja tu, "Swahili". Wanatakiwa kumtafutia mkalimani bila malipo. Kaa naye pembeni, ila namba achague mwenyewe, nawe ugeuze uso.