Uzamili wa sanaa kwa vipindi: viangazi vitatu chuoni, au siku nane kila muhula?

Uzi_na_Waya
Wakuu, naomba mawazo yenu. Mimi nafuma. Ndani ya vitambaa vyangu napitisha nyaya nyembamba za shaba zinazotoa sauti mtu akivigusa, na tangu mwaka jana nashirikiana na wacheza dansi wawili ambao hukipiga kitambaa kwa miili yao. Nataka shahada ya uzamili ya sanaa, MFA, ila nina ajira nisiyoweza kuiacha na mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo natafuta programu za kwenda chuoni kwa vipindi, muda uliobaki unafanya kazi ukiwa kwako.

Nimechuja nimebaki na aina mbili. Ya kwanza ni ya kiangazi: Bard College, jimbo la New York, wiki nane kila kiangazi kwa viangazi vitatu, au School of the Art Institute of Chicago, wiki sita, nayo mara tatu. Ya pili ni ya siku nane au kumi hivi mwanzoni mwa muhula, kisha unarudi nyumbani na kumtumia mshauri kazi zako kwa awamu. Kila ninakouliza naulizwa kwanza: wewe ni wa idara gani? Ipi inamfaa mtu ambaye kazi yake haina idara?

Mchongaji_Mkongwe
Dada, nikijibu moja kwa moja: Bard. Programu yao ilianza 1981, na ina fani sita: filamu na video, muziki na sauti, uchoraji, upigaji picha, uchongaji, na uandishi. Ni kweli unaomba kupitia fani moja, hapo huna ujanja. Lakini ukishaingia, kazi yako inahakikiwa mbele ya watu wa fani zote sita, na unakaa ana kwa ana na walimu wasio wa fani yako.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka uwe umesimama pale. Mchongaji mwenzako atakiangalia kitambaa chako aone uzito, mshono, namna kinavyoning'inia. Mtu wa muziki hatakiangalia kabisa, atafumba macho. Mshairi atakuuliza kwa nini kinyamaze kwanza kabla ya kuguswa. Mimi nilihakikiwa miaka mingi na wachongaji watupu, na nilijifunza kuwajibu wachongaji tu. Siku mpiga picha aliponiuliza mwanga wa kazi yangu unatoka wapi nilikosa jibu, na swali hilo likanibadilishia kazi kwa miaka miwili.

Kwa mtu wa uzi, waya na dansi, wiki nane za namna hiyo ni chakula. Na katikati ya viangazi kuna vipindi viwili vya baridi vya kujisomea mwenyewe, kwa hiyo ajira yako inabaki.

Hesabu_Kwanza
Inabaki kama mwajiri atakubali likizo ya wiki nane mara tatu. Piga hesabu: wiki 24 mbali na mtoto. Ile ya siku nane, hata ukienda mara tano, ni siku 40, hazifiki wiki sita.

Msomaji_wa_Usiku
Naomba niitetee aina ya pili, maana nimepita huko na naona inasemwa kama vile ni ya watu waliokosa nafasi kwingine.

Mfumo wenyewe una historia. Goddard College ya Vermont ilianzisha mwaka 1963 programu ya watu wazima waliokuwa na kazi na familia: wanakuja chuoni kwa siku chache, wanapanga masomo yao wenyewe, wanarudi. Mwaka 1976 mshairi Ellen Bryant Voigt akaanzisha hapohapo MFA ya uandishi kwa mfumo huo, na miaka ya mwanzoni ya 1980 ikahamia Warren Wilson College, North Carolina, ambako ipo hadi leo. Baadaye Goddard wakawa na MFA ya sanaa mseto, ambayo haikumuuliza mtu idara yake.

Moyo wa mfumo huu ni kifurushi. Kila wiki tatu au nne unamtumia mshauri kazi mpya, maandishi kuhusu ulichosoma, na barua ya kueleza unakwama wapi. Kwa kawaida ni vifurushi vitano kwa muhula. Yeye anakujibu kwa barua ndefu. Barua hizo ninazo zote, na nazirudia zaidi ya daftari lolote la darasani. Kuandika kila baada ya wiki tatu "nilifanya hivi, kikaharibika kwa sababu hii" ndiko kulikonifundisha kuisoma kazi yangu mwenyewe.

Sasa upande wa pili. Muhula wangu wa tatu nilipewa mshauri aliyenijibu kwa wiki tano badala ya moja, tena aya mbili. Kwenye mfumo huu mshauri akizembea huna chuo: hakuna mwalimu mwingine kwenye korido, wala jirani wa studio. Muhula mzima ulipotea na ada nililipa. Kwa hiyo usiulize chuo kina majengo gani. Uliza mshauri anabeba wanafunzi wangapi kwa muhula, na kama unaruhusiwa kumbadilisha katikati.

Kamera_Mkononi
Kuna jambo moja kuhusu kazi yake naona mmelipita. Kifurushi kinabeba maandishi na picha vizuri. Kitambaa kinachoguswa utakitumaje? Video inaonyesha mkono wa mtu mwingine ukigusa. Mshauri hatahisi chochote.

Msomaji_wa_Usiku
Hilo ni kweli, na sina jibu zuri. Mwenzangu wa sanaa ya harufu aliteseka hivyohivyo.

Hesabu_Kwanza
Niongeze mambo ambayo hayapendezi lakini yanaamua.

Kwanza, uhai wa chuo. Goddard hiyo, iliyokuwepo tangu 1938, ilifungwa 2024. Vermont College of Fine Arts ilizaliwa 2008 mjini Montpelier, na mwaka 2022 ikatangaza kuwa vipindi vyake vya ana kwa ana vitahamia nje ya mji huo. Vyuo vidogo vinavyoishi kwa ada vinayumba haraka wanafunzi wakipungua. Uliza idadi ya waliodahiliwa miaka mitatu mfululizo, hali ya ithibati, na mpango wa kuwamalizia wanafunzi masomo chuo kikifungwa.

Pili, ada. Programu za kukaa chuoni muda wote mara nyingi humpa mwanafunzi kazi ya usaidizi wa kufundisha na kumpunguzia ada. Wa vipindi hayupo chuoni, kwa hiyo nafasi hizo ni adimu kwake. Na mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mgeni.

Tatu, kama huna uraia wala ukaazi wa Marekani, viza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anahesabiwa somo moja tu la mtandaoni kwa muhula. Chuo kikuandikie mapema kama kinatoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza hiyo, kwa wanafunzi wa vipindi, na kwa muda gani.

Kuhusu shahada yenyewe usihofu: College Art Association, chama cha wasanii na wasomi wa sanaa cha Marekani, inaitambua MFA kama shahada ya mwisho ya sanaa za studio.

Mchongaji_Mkongwe
Pia angalia Transart Institute, ilianza 2004. Ni ya vipindi, imejengwa juu ya utafiti kwa njia ya sanaa, na kwa uzamivu inashirikiana na Liverpool John Moores University. Idara si kitu kwao.

Uzi_na_Waya
Asanteni sana, nimesoma kila mstari mara mbili. Swali la Kamera_Mkononi limenikamata. Nilikuwa nauliza ni nani atanikubali bila idara, kumbe nilipaswa kuuliza ni nani atakigusa kitambaa. Kwa hilo nauegemea mfumo wa kiangazi, na Chicago wiki sita badala ya nane naweza kuzizungumza na mwajiri. Mtoto itabidi aje nami. Kuna aliyewahi kwenda na mtoto?

Kamera_Mkononi
Mimi, wa miaka minne. Mabweni yalimkataa, tukapanga chumba nje pamoja na mama mwenzangu wa darasa, tukawa tunapokezana jioni za uhakiki. Uliza suala la malazi kabla hujalipa ada ya maombi.