Naombeni ushauri: makala zangu za kuku hazisomwi hadi mwisho, nifanyeje ziwe kama mazungumzo?

Kalamu_ya_Kilosa (mleta mada): Wanajukwaa, habari za jioni. Huu ni mwaka wa pili naandika makala za ufugaji wa kuku wa kienyeji kwenye tovuti yangu ndogo. Zile za mwanzo zilisomwa, watu wakauliza maswali na wengine wakabishana hadi usiku wa manane. Tangu Januari hakuna anayeuliza chochote, na naona wengi hufungua ukurasa wakaondoka kabla dakika haijaisha. Sijabadilisha mada wala simu ninayoandikia. Naambiwa niandike kama ninavyozungumza, lakini kila nikijaribu najiona kama mzee aliyevaa suruali ya mwanawe. Nianzie wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Usijilaumu, ndugu yangu, kwani wasomaji wa siku hizi hawana subira. Zamani, barua ya kaka yetu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa ilipofika kijijini, niliisoma mimi kwa sauti, na mama aliijibu papo hapo, sentensi kwa sentensi, kana kwamba kaka ameketi mlangoni. Nilipofika pale kaka anaposema kwamba anakula vizuri, mama alisema, "Muongo huyo." Leo nani anaijibu makala kwa sauti?

Jogoo_la_Shamba: Mimi nauliza tu kama mleta mada anauza matetea, na kwa bei gani.

Mchele_Mkavu: Mleta mada, weka aya moja tuione, maana hatuwezi kumtibu mgonjwa aliyefichwa chumbani.

Kalamu_ya_Kilosa: Hii ni ya juzi: "Wafugaji wanashauriwa kuzingatia utoaji wa chanjo dhidi ya ugonjwa wa mdondo kila baada ya miezi mitatu ili kuepusha vifo vinavyoweza kujitokeza."

Mchele_Mkavu: Sentensi haina kosa la sarufi, ila haina mtu. Anayeshauri hajulikani, anayechanja hajulikani, na kuku mwenyewe hayumo kabisa. Hivyo "vifo vinavyoweza kujitokeza" ni kuku wako kumi uliowakuta asubuhi wamelala miguu juu. Ningeandika hivi: "Usingoje mdondo ufike kwa jirani ndipo uanze kutafuta chanjo. Wachanje wakiwa wazima, tone moja kwenye jicho moja, kisha andika tarehe ukutani kwa mkaa, kwa sababu miezi mitatu hupita bila kubisha hodi." Sikuongeza utani wowote, nimemrudisha tu yule ninayesema naye. Sasa tuwekee na aya mojawapo ya zile zilizosomwa.

Kalamu_ya_Kilosa: Sioni kama ni lazima, lakini hii hapa: "Ukimwona kuku anapinda shingo kama anayetafuta kitu alichoangusha mgongoni, usianze kumchemshia majani, huyo mmeshachelewana. Kimbilia waliobaki."

Mchele_Mkavu: Aya hizi mbili hazikuandikwa na mtu mmoja.

Mama_Vifaranga: Nami naona hivyo. Aliyesema "mmeshachelewana" amewahi kumzika kuku. Ni nani huyo?

Kalamu_ya_Kilosa: Mfugaji ni mke wangu. Kila jioni alifagia banda huku akizungumza, nami nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, naandika. Jina lililotokea kwenye tovuti lilikuwa langu. Mwezi Desemba dada yake akamwonesha makala hizo kwenye simu, na tangu siku hiyo anafagia kimya. Hata hivyo, hilo ni suala la nyumbani na sikuona kama linahusika hapa. Aya nilizipanga mimi, koma nilizitia mimi na tovuti nailipia mimi. Isitoshe, nimeshakubaliana na mpwa wangu azibadilishe makala zote 40 ziwe na lugha ya vijana, na nimempa shilingi 80,000, yaani nusu ya malipo. Kazi yake si mbaya, kila makala ameianza kwa "Oya wanangu".

Mama_Vifaranga: Kutia koma si kutunga, shemeji. Mume wangu naye huwaeleza wageni jinsi "tulivyopika" pilau, ilhali mchango wake ulikuwa kuuliza kama limeiva. Mwombe radhi mwenzako.

Mwalimu_Mstaafu: Na hiyo "Oya wanangu" unamwambia nani, ikiwa wasomaji wako ni akina mama wenye mabanda?

Hakimu_wa_Nyuzi: Wakuu, mnakunywa chai, yaani mnalishwa hadithi ya kutunga. Mwezi Aprili akaunti hii hii ilitafuta mchumba humu ndani, ikajieleza kuwa ni ya kijana wa miaka 27 asiye na mke wala mtoto. Leo ina mke, banda na ndoo. Tena mtu anayedai kwamba hawezi kuandika kwa mazungumzo ameisimulia hiyo ndoo hadi nimesikia ufagio.

Jogoo_la_Shamba: Kwa hiyo matetea hayapo?

Kalamu_ya_Kilosa: Aliyetafuta mchumba ni huyo mpwa wangu, ambaye nilimpa nywila ili apandishe makala. Nimeshaibadilisha.

Hakimu_wa_Nyuzi: Mpwa huyu ana kazi nyingi.

Mchele_Mkavu: Iwe chai au isiwe, Hakimu amesema jambo la maana bila kukusudia. Aya ya ndoo imeandikwa na mtu aliyebanwa na maswali akajibu, na hakuna mahali palipoandikwa "wafugaji wanashauriwa". Mleta mada, kabla hujaandika aya, andika kwanza swali ambalo jirani angekuuliza, kisha umjibu yeye.

Kalamu_ya_Kilosa: Jioni hii nimekwenda bandani nikamsomea mke wangu ile aya ya Mchele_Mkavu. Amesema kwamba tone likidondokea nje ya jicho lazima lirudiwe, na kwamba aliyeandika amelisahau hilo kwa sababu hajawahi kumshika kuku anayepapatika. Kisha akauliza jina litakalowekwa ni la nani. Nimemwambia kwamba ni lake, naye akaendelea kufagia, ila safari hii polepole, ili niwahi kuandika. Sasa naomba ushauri mwingine: mpwa akishapokea nusu ya malipo, naweza kuidai bila kuleta ugomvi na dada yangu?