Ushauri: Wafugaji 34 tunataka kuachana na mnunuzi mmoja wa maziwa. Tuanze na tangi au tuanze na chama?

Bonde la Kiwira (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Tuko wafugaji 34, vijiji viwili vinavyopakana hapa Rungwe, Tanzania. Kwa siku tunatoa wastani wa lita 280 asubuhi na 160 jioni. Mnunuzi ni kampuni moja tu. Inachukua ya asubuhi kwa shilingi 900 kwa lita, ya jioni haitaki kabisa, kwa hiyo hayo yanaenda kwa wachuuzi kwa bei wanayotaka wao. Malipo huja baada ya siku 45. Maziwa yakikataliwa hatuonyeshwi kipimo, tunaambiwa tu yameharibika. Masika ikichanganya, wanapunguza lita na bei siku hiyohiyo.

Kiwanda kingine kimetuahidi 1,100 kwa lita na gari lao litafika kijijini, kwa masharti mawili: maziwa yawe yamepozwa hadi nyuzi 4, na yasipungue lita 400 kwa safari. Tunaomba wenye uzoefu mtueleze: tangi la kupozea la ukubwa gani, pesa tutoe wapi, na chama tukisajili vipi? Wenzetu wengine wanataka tununue tangi kwanza, usajili uje baadaye.

Karani wa Ushirika

Mkuu, msinunue tangi kabla ya chama. Tangi likinunuliwa na kikundi kisichosajiliwa, risiti itaandikwa jina la mtu mmoja, na siku mkigombana au akifariki, tangi ni la familia yake. Hapo hakuna cha kudai.

Njia yenyewe iko hivi. Nendeni kwa Afisa Ushirika wa wilaya, mwambieni mnataka chama cha ushirika cha wafugaji chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Mko 34, idadi inatosha. Mtafanya mkutano wa waanzilishi wenye muhtasari na saini za kila mtu, mtaandaa masharti ya chama na andiko la mradi linaloonyesha kwamba chama kitajilipa, kisha maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kituo chenyewe cha kukusanyia nacho kinahitaji kusajiliwa Bodi ya Maziwa, hilo wengi hulisahau hadi mkaguzi afike.

Maombi mengi hukwama kwenye masharti ya chama, kwa sababu watu wananakili ya chama cha kahawa au korosho kisha wanabadilisha jina tu. Ya kwenu yaseme waziwazi mambo manne: mwanachama analeta maziwa kiasi gani kwa chama, analipwa tarehe ngapi, ziada ya mwaka inagawanywaje, na akitoka anarudishiwa nini. Kwenye ziada nawashauri mgawe kwa lita alizoleta mtu. Mkigawa kwa wingi wa hisa, baada ya miaka michache wenye pesa watakuwa wanakula jasho la wenye ng'ombe.

Fundi Baridi

Nakubaliana na Karani kwenye jina la risiti, ila msikae miezi minane kwenye vikao huku lita 160 za jioni zinapotea. Usajili uendelee na maandalizi ya tangi yaende sambamba.

Ukubwa: chukueni lita 1,000. Mnazo 440 kwa siku. La 500 litawabana masika, na gari likikosa kuja siku moja hamna pa kuweka. Mtu atawashawishi mchukue la 2,000 "la baadaye". Mkatalieni. Maziwa ya kwanza kuingia ni yale 160 ya jioni. Kwenye tangi la 2,000 hiyo ni asilimia 8, na kwa matangi mengi kiasi hicho hakifikii kikorogeo, yaani panga linalozungusha maziwa. Sakafu ya tangi inapoza, maziwa hayazunguki, ya chini yanaganda barafu na ya juu yanabaki vuguvugu. Asubuhi mnakuta mafuta yamejitenga na kiwanda kinakataa.

Kabla ya kulipa muulizeni muuzaji kama kompresa, yaani mashine ya kupoza, ni ya umeme wa njia moja (wa kawaida wa nyumbani) au njia tatu. Tangi la mtumba la bei rahisi mara nyingi ni la njia tatu, na kuvuta njia tatu hadi kijijini kunaweza kumaliza faida yote. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, ni lazima. Kwa matumizi ya umeme, wekeni uniti 9 hadi 12 kwa siku kwa lita 440.

Jenereta nayo ni lazima. Maziwa yakishafika nyuzi 4, tangi lenye kuta nzuri linayatunza, joto linapanda polepole. Hatari ni umeme kukatika saa moja jioni, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Muda huo bakteria wanaongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Lengo ni kufika nyuzi 4 ndani ya saa tatu. Kwenu Rungwe kuna maji baridi ya chemchemi: wekeni keni za aluminiamu kwenye birika la maji yanayopita dakika 20 kabla ya kumimina. Kompresa inapata nafuu kubwa.

Hesabu za Kijiji

Naweka namba. Mtu awe na kalamu.

Tofauti ya bei ni 200 kwa lita (1,100 toa 900 ambazo mfugaji ataendelea kulipwa). Lita 440 kwa siku 30 ni lita 13,200, kwa hiyo chama kinabaki na 2,640,000 kwa mwezi kabla ya gharama.

Gharama za makadirio: mpokeaji na karani 500,000; mlinzi 150,000; pango 100,000; mafuta ya jenereta 80,000; akiba ya matengenezo 150,000. Hizo ni 980,000 na hazipungui hata lita zikishuka. Zinazofuata lita: umeme 108,000, vipimo na sabuni 60,000, upotevu wa asilimia moja na nusu 178,000. Jumla yote ni kama 1,326,000, sawa na shilingi 100 kwa lita. Zinabaki 100 za kulipa mkopo na kuweka akiba.

Sasa chukulia nusu ya wanachama wanarudi kwa mchuuzi, lita zinashuka hadi 220. Zile 980,000 zinagawanywa kwa lita 6,600, gharama inapanda hadi karibu 175 kwa lita. Zinabaki 25. Tena hapo kwa siku hamfikii hata zile lita 400 za safari moja. Gari litakuja siku moja na kuruka moja, au lisije kabisa. Uaminifu wa kuleta maziwa ndio roho ya mradi huu kuliko tangi.

Kuna mtego mwingine. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Mkipokea kwa mizani na kuandika kilo kama lita, halafu kiwanda kikasoma lita, mtalipa wafugaji 453 na kulipwa 440. Lita 13 kila siku zinapotea na kila mtu atamshuku karani. Pimeni kwa kipimo kimoja tangu mfugaji hadi gari.

Mtaji: msidai mchango mkubwa mara moja, wenye ng'ombe mmoja watatoka. Kateni shilingi 50 kwa kila lita kama hisa za mwenyewe. Hiyo ni 660,000 kwa mwezi, 7,920,000 kwa mwaka. Mwenye lita 10 kwa siku atakuwa amejiwekea 180,000 bila kuvunja kibubu. Kiasi hicho ni mchango wenu mnapokwenda kuomba mkopo TADB (Benki ya Maendeleo ya Kilimo) au Benki ya Ushirika iliyozinduliwa 2025. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri msiitegemee kwa chama kizima, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Wa Kiambu

Salamu kutoka Kenya. Huku ushirika wa maziwa ni wa siku nyingi. Githunguri walianza 1961 kama chama cha kukusanya maziwa, kiwanda chao wenyewe kikaja miaka ya 2000. Hapo kwenu nanyi mnao mfano wa Tanga, ambako umoja wa vyama vya wafugaji uliingia ubia kwenye kiwanda cha Tanga Fresh tangu miaka ya 1990.

Kinachomfanya mkulima asiende kwa mchuuzi ni huduma. Mchuuzi ana pesa taslimu mkononi, hamtamshinda hapo. Chama kiwe na duka dogo la pumba, mashudu, madini ya kulamba na dawa za minyoo. Mwanachama anachukua leo, anakatwa mwisho wa mwezi kwenye maziwa yake. Uhimilishaji (kupandikiza mbegu ya dume kwa mrija) pia uingie humo. Lakini wekeni kikomo: makato yasizidi nusu ya malipo yake ya mwezi. Mtu akipokea karatasi ya malipo inayosoma sifuri, kesho yake maziwa yanapita njia ya nyuma.

Na tarehe ya malipo iheshimiwe kama saa ya sala. Msiahidi wiki mbili kama kiwanda kinawalipa siku ya 30. Jadilini na kiwanda kwanza, kwa maandishi.

Bonde la Kiwira

Asanteni sana wakuu, mmetufungua macho, nitasoma hizi hesabu kwenye kikao cha Jumamosi. Limebaki moja: mwanachama akichanganya maji, au maziwa yakikataliwa na kiwanda, nani anabeba hasara? Hili ndilo linalotugombanisha hata kabla hatujaanza.

Mpima Maziwa

Hasara inabebwa na aliyekuwa ameyapokea kwa mara ya mwisho baada ya kipimo. Kwa hiyo pimeni kila keni mlangoni, mbele ya mwenye maziwa, kabla ya kumimina. Yakishaingia kwenye tangi ni ya chama.

Anza na pua: fungua mfuniko, nusa mara moja. Kisha kipimo cha alkoholi: mililita 2 za maziwa na 2 za alkoholi ya asilimia 68, tikisa taratibu. Vikitokea vipande vidogo kwenye ukuta wa kioo, kataa. Sababu inaweza kuwa uchachu, ugonjwa wa kiwele, au dang'a ya ng'ombe aliyezaa juzi, kwa hiyo msimwite mtu mchafu kabla ya kuuliza.

Kwa maji tumieni laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa. Kwenye nyuzi 20 maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32. Maziwa yakiwa na joto zaidi, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja: ukisoma 27 kwenye nyuzi 25, jibu ni 28, huyo hana kosa. Vituo vingi vinaruka hesabu hii na kuwaonea watu. Ikiwa chini ya 26 baada ya marekebisho, nendeni zizini mkashuhudie ng'ombe akikamuliwa na mpime papo hapo. Matokeo yakitofautiana, sheria ya chama ifanye kazi.

Dawa za antibayotiki hazionekani kwa laktomita. Keni moja ya ng'ombe aliyechomwa sindano inatosha kuzuia mtindi wa tangi zima kuganda kiwandani. Mwenye ng'ombe mgonjwa aseme, maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, na chama kisimkate chochote kwa kusema ukweli.

Gari likifika, mpokeaji wenu na dereva wachote sampuli mbili pamoja baada ya kikorogeo kuzunguka dakika 5. Chupa zote mbili zizibwe na kusainiwa na wote wawili, moja ibaki kwenye friji yenu. Mkataba useme kwamba dereva akishasaini nyuzi joto na kipimo cha alkoholi, mzigo ni wa kiwanda. Gari likichelewa njiani au kukwama kwenye tope la masika, hiyo si hasara ya mfugaji.

Tangi likishatoka maziwa lisuuzwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi. Ukianza na ya moto sana, protini inang'ang'ania chuma. Ndipo ije sabuni na maji ya nyuzi 60 au 70, kisha suuza tena. Mara moja kwa wiki tumieni dawa ya asidi kuondoa ukoko. Kazi hiyo ipewe mtu mmoja anayelipwa, kwa jina, na daftari lake liwe ukutani.