Nataka kuja Mbarara kusomea ubingwa wa dharura. Maisha yakoje huko?

MnyamboWaKaragwe

Habari zenu wapendwa. Mimi ni daktari, niko Karagwe, Tanzania, mwaka wa 4 kazini tangu nimalize intani. Nimechoka kupokea mgonjwa aliyefika akiwa hai, halafu mimi ndiye nisiyejua nianze na lipi. Nimeamua kusomea tiba ya dharura. Kila mtu ananitajia Muhimbili, lakini kutoka kwetu Dar ni mbali mno, ilhali Mbarara ni kuvuka Murongo tu, unatokea Kikagati, umefika. Nina mtoto wa miaka 3, mume yuko Mwanza kikazi.

Siulizi habari za mtaala, huo nimeusoma. Nauliza mambo ambayo hayaandikwi. Usiku ukoje? Ukitoka zamu unakwenda wapi? Kinyankole sikijui, nina Kinyambo cha nyumbani, je, kitanitosha? Na mji uliojaa wanafunzi unamfaa mama mwenye mtoto? Aliye ndani aniambie ukweli, asinipambie.

BintiWaMakenke

Dada, karibu. Mimi ni SHO wa mwaka wa 3 hapa hapa. SHO ndiyo sisi, madaktari tunaosomea ubingwa, utalizoea hilo jina. Na Kiswahili changu usikishangae, nimezaliwa kambini Makenke. Baba alikuwa sajini, na kwetu kambini Kinyankole kilikuwa lugha ya kwenda nayo sokoni.

Nianze na lugha, maana hapo ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Kinyambo chako kitakufikisha mbali kuliko Kiswahili. Omutwe ni omutwe, ekifuba ni ekifuba. Kazi iko kwenye salamu. Huku humgusi mtu kabla ya kumwambia "Agandi?", na yeye hana jibu jingine ila "Ni marungi." Wiki yangu ya kwanza aliletwa mzee kwenye pikapu ya matoke, paja limevunjika katikati, unyayo unatazama ukutani. Nikasema agandi, mzee. Akavuta pumzi, akajibu ni marungi, na nyumbani kwenu je? Nikamwambia wazima. Ndipo akasema, "Mimi mzima pia, ila huu mguu umenikosea adabu."

Salamu ile haikumaliza sekunde 10. Ndani yake nilishajua njia ya hewa iko wazi, pumzi inamtosha kusema sentensi nzima, na kichwani hajapotea. Vitabu vinakufundisha kuuliza jina na tarehe. Mimi siku hizi nauliza habari za nyumbani.

Kiswahili nacho kina mahali pake, ila kwa wazee kitumie kwa tahadhari. Kwa wengi wao ni lugha ya askari. Kuna mmoja nilimsemesha Kiswahili kwa bahati mbaya, usingizi ulikuwa umenizidi, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kitambulisho. Na wewe ukisema unatoka Tanzania, jiandae kuhadithiwa 1979, majeshi yenu yalipoingia Mbarara. Utahadithiwa na mtu mwenye dripu mkononi, na hatamaliza upesi. Ila wakija Wakongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Isingiro, hapo utakuwa malkia. Kiswahili chao si chako, lakini mama akikwambia "mutoto iko nawaka moto, na macho inageuka," hungoji mkalimani. Unapima malaria na sukari kwa tone lile lile la damu, huku mwenzako anachanganya artesuneti, sindano ya malaria kali.

Usiku sasa. Angalia ramani. Barabara ya kutoka Kampala na Masaka inaingia hapa, kisha moja inashika Kabale na Rwanda, nyingine Bushenyi na Kasese. Kila kinachokwenda magharibi kinapita mlangoni kwetu: mabasi ya usiku, malori ya mafuta, na katikati yake bodaboda iliyobeba watatu, mmoja ameshika godoro. Kwa hiyo ni vichwa, mapaja na nyonga. Shuka la kufungia nyonga utalikunja usingizini. Ijumaa waragi, pombe kali ya huku, inaongeza kazi, nayo inadanganya. Mtu ananuka pombe, wote wanasema amelewa, kumbe damu inamkandamiza ubongo. Sheria yangu ni moja: anayenuka pombe namhesabu kama aliyeumia kichwa mpaka anithibitishie vinginevyo.

Halafu kuna ng'ombe. Nyie mnawajua, wale wenye pembe kama malango. Mchungaji anakuja akitembea mwenyewe, kidonda cha tumbo hakizidi kitufe cha shati, na anaona haya kukupotezea muda. Usimrudishe nyumbani. Pembe inaingia padogo na kufanya mambo makubwa ndani. Weka altrasaundi, tafuta damu, mwite daktari wa upasuaji kabla mgonjwa hajaanza kutoka jasho.

Na ng'ombe hao hao wananikumbusha kosa langu, nikusimulie maana umeomba ukweli. Halikutokea hapa, nilikuwa intani, hospitali sitaitaja. Aliletwa kijana wa miaka kama 19, usingizi mzito, mboni za macho kama ncha ya sindano, mapigo 46. Kaka yake akasema amekunywa "dawa ya ng'ombe," mtu aliimimina kwenye chupa ya soda, na yeye alikuwa na kiu. Nikaruka moja kwa moja: hii ni organofosfeti, sumu ya wadudu inayomjaza mtu mate na povu, leteni atropini ya kuyakausha. Unajua inavyokwenda: miligramu 2, baada ya dakika 5 unaongeza maradufu, 4, 8, mpaka kifua kikauke. Nikaongeza. Tatizo ni kwamba kifua kilikuwa kikavu tangu mwanzo. Hana mate, hana jasho, hana povu. Sukari ilikuwa imepanda, 14, nikaiandika kwenye faili na wala sikuitafakari. Baada ya saa moja akawa wa moto, ngozi kavu kama karatasi, anachuma hewa kwa vidole kama mtu anayevuna maharage. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, ndiye aliyemtuma kaka mtu kwa boda arudi kulichukua kopo la dawa kule zizini. Lilipofika, limeandikwa amitrazi. Dawa ya kupe, ndiyo, lakini si jamii ile. Inalaza mtu, inapunguza mapigo, inapandisha sukari, nayo haina dawa yake maalumu. Unalinda njia ya hewa, unampa maji, unangoja. Atropini kidogo kwa ajili ya mapigo, basi. Yale mengine yote nilimlewesha mimi. Keshokutwa yake alikaa kitandani akaomba uji. Tangu siku ile swali langu la kwanza ni: kopo liko wapi?

Wanafunzi. Chuo cha sayansi na teknolojia kipo tangu 1989, Bishop Stuart nayo iko mjini, na vyuo vidogo sitavihesabu. Wiki za mitihani utawapokea wenye vidole vilivyokunjamana kama makucha ya ndege, wanahema upesi kwa hofu, midomo inawachonyota, wenzao watano nyuma wanalia. Mfuko wa karatasi wa kupumulia usiuguse. Mpime oksijeni, hakikisha si pumu wala damu iliyoganda mapafuni, kisha kaa naye mhesabu pumzi pamoja, polepole. Nimewahi kuhesabu pumzi hivyo na binti ambaye saa 4 asubuhi ile ile nilikuwa nimemuuliza swali mbele ya wenzake akakosa jibu. Hakuna aliyetaja swali lile. Mpaka leo tukikutana anatazama viatu vyangu.

Hapo ndipo ugumu wa mji huu ulipo, dada, kuliko damu. Ni jiji kwenye karatasi tangu Julai 2020, lakini ni mdogo. Huna pa kutokea zamu ukawa mtu tu. Anayeniuzia roleksi, chapati ya kukunjia mayai, pale karibu na hosteli nilimshona ubavuni mwaka jana. Kila nikienda ananiinulia shati mbele ya wateja, "Dokita, tazama kimefunga vizuri!" huku mayai yanaungua. Mwenye boda ananipandisha na kuniuliza kama yule rafiki yake wa Jumanne alipona. Hakupona. Nikashuka kabla ya kufika kwangu, nikatembea.

Mtoto analeleka. Ninaye wa miaka 4. Mimi nimepanga ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga, kwa sababu kwenye nyumba za wanafunzi muziki unalala alfajiri, saa ambayo wewe ndiyo unarudi. Tafuta yaya anayelala ndani, usimtegemee wa kuja asubuhi, zamu hazina huruma. Mwanangu anajua mama akivua viatu nje haguswi mpaka aoge. Karo ya chuo waulize wenyewe, inabadilika. Ila ukisikia watu wanataja "karo" mezani usishtuke, huku ni ugali wa ulezi, na ukiupata na eshabwe, mchuzi wa samli, utasahau unadaiwa.

SistaWaZamu

Dokita Binti amesema vizuri, nami naongeza moja tu. Wewe mgeni ukija, wasalimie wauguzi kwanza. Sisi tuko hapa wewe ukija na tutakuwa hapa ukiondoka na ubingwa wako. Nani anajua banzi za watoto zimewekwa kabati gani? Nani anajua kwamba saksheni ya kona, ile ya kunyonya makohozi, inavuta ukiikanyaga kidogo upande wa kushoto? Kuna mmoja alikuja na koti jeupe limenyooshwa, akaniita "wewe." Usiku ule alitafuta kanula ya kijani, ile ya dripu, mwenyewe.

Na mtoto akiugua, sema. Usijikaze. Tumelea watoto wa madaktari wengi kwenye kile chumba cha chai.

Kandoya_wa_Mulago

Mimi niko Kampala, naye Binti namheshimu, ila hiyo ya salamu isije ikamponza mgeni. Mnyankole atakwambia ni marungi akiwa amebakiza nusu ya damu yake. Paja peke yake linaficha lita nzima na zaidi, na kijana mwenye moyo mzuri atakusalimia, atacheka, kisha azime kama taa. Salamu inakuonyesha kichwa na hewa. Damu haisalimii.

Kuhusu kuchagua: programu ya Mbarara ilianza 2017, Makerere ikafuata. Huku hospitali ya Mulago utaona wingi wa wagonjwa, huko utashika vitu mwenyewe mapema. Mimi nilipokuja kuwatembelea niliona mwanafunzi wa mwaka wa 1 anaweka bomba la kifua, bingwa amesimama nyuma yake mikono mfukoni. Niliona wivu, sitaficha.

BintiWaMakenke

Kandoya, kweli kabisa, na nilisahau kuandika: wakati mzee ananiuliza habari za nyumbani, vidole vyangu vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Mapigo 124. Ndiyo maana sikukaa kusikiliza habari za ukoo. Kuvuta mguu, dripu mbili, kuomba damu, vyote vilikwenda huku tukiongea. Alipopelekwa wodini alilalamika kwamba sijamjibu kuhusu mashamba.

MnyamboWaKaragwe

Asanteni sana, nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mume akiwa kwenye simu. Amecheka kwenye karo, amenyamaza kwenye boda. Amesema niende.

Mawili ya mwisho. Leseni yangu ya Tanzania inatosha, au? Na nibebe nini ambacho huko nitakitafuta nisikipate?

BintiWaMakenke

Leseni haitoshi peke yake. Utaomba usajili kwenye baraza la madaktari la Uganda kabla ya kugusa mgonjwa, kwa hiyo anza mapema: vyeti, barua ya baraza lenu, pasipoti. Hiyo foleni usiiache mpaka wiki ya kufungua.

Vitu utavipata, mji una kila kitu. Njoo na jozi mbili za viatu vya kufulika, moja haikauki kabla ya zamu inayofuata. Sweta, usiku huku si wa Bukoba. Tochi ndogo ya kutazamia mboni, ifunge kamba shingoni, za mfukoni zote zinahama. Na senene wa kwenu, wakiwa wamekaangwa vizuri, kilo moja mpe Sista. Kabati la banzi utaonyeshwa siku hiyo hiyo.

SistaWaZamu

Kilo mbili.