Mrejesho: ule mmea wa majani matatu, Newala

Ahsanteni sana wakuu. Ule mmea wa kutambaa niliouliza hapa kama ni ming'oko (viazi pori vinavyochimbwa na kuliwa), kumbe ni ndiga, kiazi pori chenye sumu. Jani la ming'oko ni zima, halikugawanyika, lina umbo la moyo. La huu limegawanyika vipande vitatu, vyote vinaanzia sehemu moja juu ya kikonyo (kijiti kinachoshika jani). Hapo ndipo mmea huu unapotofautiana na maharage pori pia: kwenye maharage hayo kipande cha kati kina kikonyo chake, kirefu kuliko vya pembeni. Ndiga ina miiba, lakini miiba peke yake haitoshi kuitambua, maana viazi pori vingine navyo vinayo.

Hatari kubwa ni kiangazi, majani yakishapukutika. Tafadhalini, msichimbe shina ambalo hamkulitambua likiwa na majani. Ndiga ina sumu, na kuchemsha tu hakuiondoi.